Maswali ya Wasomaji: Tungamo la ukingaji katika plazima ya gluoni

SWALI: Naiga kwa kompyuta nadharia ya geji ya SU(3), yaani ya gluoni (chembe zinazobeba nguvu kali), bila kwaki, kwa tendo la Wilson (njia ya kawaida ya kuiandika kwenye latisi), latisi ya 16³ × 4 (gridi ya nukta 16 kila upande wa nafasi na 4 upande wa muda), β = 5.75 (β ikipanda, joto hupanda). Nimepima uhusiano wa vitanzi vya Polyakov (kila kimoja huzunguka upande wote wa muda katika nukta moja ya nafasi) nukta kwa nukta, nikaulinganisha na e^(−mr). Kila nikisogeza umbali wa kuanzia, m nayo inabadilika. Nakosea wapi? Na je, m hiyo ndiyo tungamo la Debye, linaloonyesha jinsi plazima inavyokinga nguvu ya umeme wa rangi?

JIBU: Tuanze na umbo la mlinganyo. Uhusiano kati ya nukta mbili haushuki kwa e^(−mr) peke yake. Umegawanywa pia kwa r, na katika umbali mfupi mgawanyo huo ni mkali zaidi. Ndiyo maana m yako haitulii. Achana na nukta. Chukua wastani wa kitanzi L juu ya x na y zote, uuite P(z), kisha pima uhusiano wa P(0) na P(z). Hapo kila hali inabaki na mshuko safi. Kwa kuwa latisi yako inajifunga mwisho kwa mwanzo, linganisha na cosh[m(8 − z)]. Fanya hivyo hivyo kwa mielekeo ya x na y. Ni takwimu za bure, usiziache.

Tatizo kubwa zaidi tunalishuku kwenye kutoa wastani. Kwa N_t = 4 (idadi ya nukta upande wa muda) mpito wa kuingia kwenye plazima uko karibu na β = 5.692, kwa hiyo upo upande wa joto, ambako L huangukia mojawapo ya sekta tatu za Z(3), yaani pembe tatu zinazopishana kwa 120°. Latisi ndogo huruka kutoka sekta moja hadi nyingine. Ukijumlisha zote, wastani wa L unakaribia sifuri, na unapotoa |⟨P⟩|² hutoi kitu: thamani isiyobadilika inabaki ndani ya uhusiano. Dalili yake ni wazi: m inayokokotolewa kutoka z mbili jirani hushuka kuelekea sifuri kadiri unavyokaribia z = 8. Zungusha kila sampuli kwa e^(±2πi/3) mpaka L iwe karibu na upande chanya wa namba halisi, ndipo utoe wastani. Kadiria kosa kwa kuacha kundi moja la sampuli kila mara, na wastani huo ukokotolewe upya kila kundi linapoachwa. Ukitumia mmoja kwa yote, kosa utakalokadiria halitakuwa sahihi. Kundi liwe refu kuliko muda ambao sampuli hukumbukana. Tena, 16 ni finyu karibu na mpito: nenda 24 au 32.

Mwishowe zidisha ma (a ni umbali kati ya nukta jirani) kwa N_t upate m/T (T ni joto). Ukipata ma = 0.6, basi m/T = 2.4.

Sasa Debye. Hapana, usiiite hivyo. Katika hesabu ya ngazi ya kwanza tungamo la Debye ni m_D = gT (g ni nguvu ya mwingiliano) kwa SU(3) bila kwaki, lakini kitanzi hakina rangi, hivyo hubadilishana gluoni mbili na mshuko wake ni wa 2m_D. Wengi hukosea hapa kwa kuisahau hiyo 2. Isitoshe, katika umbali mrefu gluoni za sumaku ndizo zinazotawala. Mwaka 1995 wanafizikia Arnold na Yaffe walionyesha njia ya kuzitenganisha: geuza mwelekeo wa muda wa Euclid (muda wa latisi, unaohesabiwa kama umbali). Sehemu halisi ya L haibadiliki, nayo hubeba upande wa sumaku. Sehemu ya kufikirika hubadili ishara, nayo ndiyo ya umeme. Pima Im L peke yake, baada ya kuzungusha sekta. Tungamo lake ni kubwa zaidi, basi ishara huzama mapema kwenye kelele. Andaa sampuli nyingi. Kwa SU(2) njia hii haipo, maana L yake ni halisi daima.

SWALI: Kwa nini mesoni (jozi za kwaki na kwaki-kinyume) za joto hupimwa kuelekea z badala ya muda?

JIBU: Kwa sababu muda umebanwa: T = 1/(aN_t), na umbali mrefu kabisa ni 1/(2T), yaani fm 0.33 tu kwa MeV 300. Kuelekea z kuna nafasi. Katika joto kali sana tungamo hukaribia 2πT, πT kwa kila kwaki, kwa kuwa kwaki hubadili ishara zikizunguka muda. Ukitumia kwaki za Kogut na Susskind (aina mojawapo ya kuandika kwaki kwenye latisi), ongeza hali ya pili yenye (−1)^z. Data inayopanda na kushuka kwa zamu si kelele.