Vertigo ilikufa ama ilibadilisha jina?

SWALI: Mambo mhariri, bro wangu aliniachia komiki zake za Vertigo, Hellblazer na Preacher, sasa nikitafuta zingine naona zimeandikwa DC Black Label. Vertigo ilifungwa ama? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Poa sana. Ilifungwa kweli, ila imefufuka. DC, kampuni ya komiki za Batman na Superman, waliianzisha Vertigo 1993 kama lebo yao chini ya mhariri Karen Berger, huyo mama alikua na jicho bana, waandishi kibao aliwatoa Uingereza, akawaachia waandike mambo ya watu wazima, mashetani, dini, siasa, matusi kama yote, na The Sandman iliyokua imeanza 1989 ikahamia humo toleo la 47. Kilichovutia zaidi ni kwamba kwenye kazi mpya nyingi mwandishi na mchoraji walikua na sehemu ya umiliki. Sema Image, kampuni nyingine ya komiki, nao wakawa wanatoa dili nono zaidi, kazi yako ni yako yote, so watu wakaanza kusepa, cheki Brian K. Vaughan, Y: The Last Man aliiandikia Vertigo lakini Saga mwaka 2012 akaipeleka Image. Berger akaondoka 2013, na 2019 DC wakatangaza wanafunga, za zamani ndo zikaanza kuchapwa upya na lebo ya Black Label. Mi naona hapo walichemka, jina lile lilikua linauza lenyewe. 2024 wakatangaza linarudi.

Hizo za bro usizigawe.