Barua kwa mwanangu: saa moja ya poka ni shilingi ngapi?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi hatujambo. Mama yako alikuwa akishangaa mbona siku hizi unajibu simu zake za asubuhi kwa sauti ya mtu aliyekesha, na sasa tumejua.

Jedwali lako nimelipata na nimelisoma lote. Umeniuliza, kati ya meza za pesa (unakaa na fedha zako na kuondoka upendapo), vishindano vya meza moja na tonamenti kubwa (unalipa kiingilio na kucheza hadi utolewe au ushinde), poka ipi, huo mchezo wa karata wa kamari, ya mtandaoni inalipa zaidi kwa saa, ili uamue kama utapunguza tuisheni za jioni hapo Kisumu na kuongeza mchezo. Jedwali lenyewe lina jibu tayari: tonamenti shilingi 1,161 kwa saa, meza za pesa 697, vishindano 310. Mimi nimekagua vitabu vya wenye matatu tangu ukiwa mdogo, na nikiona safu ya faida imependeza hivi huwa natafuta kwanza safu ya saa.

Nianze na tonamenti. Umeandika faida ya dola 180 kwa saa 20. Nimezifuatilia hizo saa 20 na zote ni za zile tonamenti nne zilizokulipa. Ukurasa wa pili una viingilio 25 vya dola 10 kila kimoja. Zile 21 ulizotolewa bila kitu zilikula saa 40 nyingine, nazo hukuziandika popote. Hivyo ndivyo mwenye gari anavyohesabu mwendo wa Nakuru hadi Kisumu na kusahau muda ambao gari lilikaa stejini likingoja abiria. Ukizirudisha, dola 180 kwa saa 60 ni dola 3, yaani shilingi 387 kwa kiwango cha 129 kwa dola. Na zawadi moja, ya dola 380, ilitoka usiku mmoja uliposhika nafasi ya nne. Hongera kwa hilo, kati ya watu mia tano si mchezo. Lakini ukiuondoa usiku huo, viingilio vya dola 240 vilikurudishia dola 50 tu. Safu nzima ya tonamenti imesimama juu ya jioni moja.

Sasa meza za pesa. Unacheza zile ambazo blaindi kubwa, yaani dau la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, ni senti 10 za dola, meza nne kwa pamoja, kila meza ikigawa kama mikono 75 (mizunguko ya karata) kwa saa. Jumla mikono 300. Katika mikono 4,000 umeshinda blaindi kubwa 720, sawa na 18 kwa kila mikono mia. Hizo ni dola 72 kwa saa 13 na kitu, na hesabu yako hapa haina dosari. Shida ni kwamba mikono 4,000 ni michache mno. Kwenye meza za watu sita matokeo ya mikono mia hutawanyika kwa blaindi kama 90 huku na huku. Kwa mikono 4,000 mtawanyiko unafika karibu 570. Maana yake, mchezaji ambaye kwa kweli hana faida wala hasara anaweza kupata matokeo kama yako au mazuri zaidi mara moja katika kila kumi. Sisemi wewe ndiye huyo. Nasema karatasi hii haiwezi kuwatofautisha.

Kama unataka kipimo cha 18 hiyo, mwaka 2019 watafiti walitangaza programu ya kompyuta iitwayo Pluribus, iliyocheza mikono 10,000 dhidi ya wataalamu watano kwa zamu kwenye meza ya watu sita. Ilishinda kwa karibu blaindi 5 kwa mikono mia, na ikahesabiwa kuwa ushindi mkubwa. Utaniambia wapinzani wako si wataalamu, wengine wanacheza huku wakitazama mpira. Kweli, na ndiyo maana binadamu wa kawaida anaweza kuizidi namba hiyo kwenye meza ndogo. Ila kumbuka pia kwamba kwenye meza hizo ndogo kamisheni ya mwenye tovuti huuma zaidi ikilinganishwa na chungu chenyewe, yaani fedha zinazogombaniwa katika mkono. Mimi katika hesabu yangu nimekuwekea 5. Ukiniletea mikono 100,000, ambayo kwa mwendo wako ni saa 333, tutaibadilisha.

Vishindano vya meza moja sina mengi ya kusema. Watu tisa, watatu wanalipwa, nusu ya fedha kwa wa kwanza, 30 kwa mia kwa wa pili, 20 kwa wa tatu. Vishindano 60 vya dola 5, faida ya asilimia 12. Lakini kwa idadi hiyo kosa la makadirio ni kama asilimia 19 kila upande, kwa hiyo hata alama ya kujumlisha au kutoa hatuna uhakika nayo. Nimekupa asilimia 8, na nahisi nimekuwa mkarimu. Zile za watu watatu ambazo zawadi yake huzungushwa kama bahati nasibu kabla ya kuanza, nimeziacha kabisa. Faida yake yote inajificha kwenye zawadi kubwa zinazotoka kwa nadra, na wewe umecheza wikendi moja.

Jambo ambalo jedwali lako limelikosa kabisa, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni mtaji. Una dola 200 kwenye akaunti. Kwenye meza za senti 10 mtu hukaa na dola 10, kwa hiyo una akiba ya kukaa mara 20. Inatosha kwa tabu. Kwa vishindano vya dola 5 una viingilio 40. Kwa tonamenti za dola 10 una viingilio 20 tu, na kwenye tonamenti kukosa malipo ya maana mara 20 mfululizo ni jambo la kawaida hata kwa mchezaji mzuri. Watu makini hutaka viingilio mia na zaidi. Kwa hiyo huwezi kulinganisha tonamenti ya dola 10 na meza ya senti 10 kana kwamba ni mtu yuleyule mwenye mfuko uleule. Kwa mfuko wako, tonamenti yako ni ya dola 2.

Nimepiga upya, kila aina kwa kiwango ambacho dola 200 zinaweza kubeba. Meza za pesa: blaindi 5 kwa mikono mia, mikono 300, dola 1.50, shilingi 194 kwa saa. Vishindano: senti 40 kwa kila kimoja, vinne kwa saa, dola 1.60, shilingi 206. Tonamenti za dola 2, nne kwa pamoja, faida ya asilimia 30, kila moja ikichukua wastani wa saa mbili na dakika 24: dola 1, shilingi 129. Hapo sijatoa bando, stima, makato ya kubadilisha dola, wala zile saa unazosema unatazama video za mafunzo. Tuisheni inakulipa shilingi 500 kwa saa na mzazi wa mtoto analeta mwenyewe.

Basi swali la tuisheni limejijibu. Lakini najua utaendelea kucheza, na sioni ubaya mradi ni fedha zako za ziada, kwa hiyo nitakuambia ningechagua ipi. Meza za pesa, japo vishindano vimezipita kwa shilingi 12. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya makadirio yangu mwenyewe. Kwenye meza za pesa stima ikipotea, na huko kwenu hupotea, unapoteza mkono mmoja na unakaa nje. Kwenye tonamenti chipsi zako, yaani vidonge vya kuchezea dau, zinaendelea kukatwa blaindi ukiwa gizani, na kama ulikuwa umebakiza watu 30 kufika kileleni, saa zako nne zimeyeyuka. Meza ya pesa unaiacha ukitaka. Tonamenti kubwa za Jumapili hupangwa kwa saa za Ulaya na Marekani, hivyo ukifanya vizuri unamaliza alfajiri, na Jumatatu una wanafunzi. Tena kwenye meza za pesa unaweza kuangalia waliokaa, ukahama ukiona wote ni wajuzi. Kwenye tonamenti unakalishwa popote.

Uliuliza pia kuhusu skrini ya pili, ili ucheze meza sita. Chukulia kwamba kwa meza mbili, ukiwa makini, unapata blaindi 8 kwa mikono mia: mikono 150, blaindi 12 kwa saa. Kwa meza nne unapata 5: blaindi 15. Kwa meza sita macho yanatawanyika, unashuka hadi 3: mikono 450, blaindi 13 na nusu. Namba hizo ni za kubuni, lakini umbo lake nadhani utalikuta hivyo: meza za ziada zinaongeza hadi mahali fulani halafu zinaanza kula. Skrini ya shilingi 12,000 ni saa 62 za meza zako nne kabla haijaanza kukulipa senti, na huenda ikakushusha. Usinunue bado. Ongeza safu mbili kwenye jedwali, saa zote ulizokaa hata ulipopoteza, na matumizi, kisha nitumie tena mwisho wa mwezi.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama ile omena bado inapatikana kwa bei ya mwezi uliopita.

Baba yako