Gastritis ya muda mrefu na hofu ya saratani

Ndugu, unauliza kama mchochota wa tumbo (gastritis) ulionao kwa miaka unaweza kuzaa saratani. Unaweza, ila kwa wengi haufiki huko. Jeraha lisipopona, seli huendelea kugawanyika kuziba pengo huku kemikali za kinga ya mwili zikiharibu DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Makosa hujikusanya polepole. Mchokozi mkuu tumboni ni bakteria H. pylori. Omba kipimo cha kinyesi au pumzi (daktari atakuambia uache omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, wiki 2 kabla), ukikutwa naye umalize dozi yote ya dawa za kumuua, kisha upime tena wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza dozi. Wengi huruka hilo la mwisho! Dawa za maumivu kama diklofenaki za kujinunulia, acha. Sigara pia. Ukikonda bila sababu, uliza kuhusu endoskopi (kamera ndogo ya kutazama ndani ya tumbo). Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali leo hii.