Mdogo wangu, msianzie mtaa kama wangu

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na vicheko vya shemeji kwa nyuma. Mmeiona picha ya mtaa niliyoirusha kwenye kundi la familia, mkauliza kama huku kuna watu au kuna amri ya kutotoka nje. Halafu likaja swali lenyewe: shemeji kapata kazi ya uuguzi huku Uingereza, mji wa Reading, mnataka kupanga karibu na kwangu, na mnataka ukweli, nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya. Njooni, tena kwa mikono miwili, ila msianzie mtaa kama wangu.

Sisi tupo Lower Earley, pembeni ya Reading. Zamani yalikuwa mashamba, kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni za ujenzi zikaporomosha nyumba kwa maelfu za kuuzia watu binafsi. Kila nyumba ina kabustani nyuma na gari mbele. Genge hakuna, kijiwe hakuna, duka la Mangi hakuna. Kuna supamaketi kubwa katikati ya eneo zima, basi. Kumtuma mtoto nyanya mbili na kiberiti, hilo sahau.

Wanaokaa hapa wengi ni wenye nyumba. Uingereza yenyewe, yaani England, karibu asilimia 65 ya kaya zinaishi kwenye nyumba zao; kwetu huku wapangaji unawahesabu kwa vidole. Ila wenye nyumba hao ni wa aina mbili. Kuna wazee waliomaliza kulipa zamani, watoto wameshaondoka, wamebaki na maua yao. Na kuna sisi wa mkopo. Najua nyumbani mnasema kaka kanunua nyumba Ulaya. Kaka kanunua deni la miaka 30, na benki ndiyo imemruhusu kulala humo. Ukiacha kulipa, wanaichukua.

Na deni lenyewe halitulii. Riba wanakufungia miaka miwili au mitano, ukimaliza unaikuta sokoni ilivyo. Mpaka mwanzoni mwa Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ya huku ilikuwa asilimia 0.1. Agosti 2023 ilikuwa imefika 5.25. Watu ambao muda wao uliisha katikati ya hapo, malipo ya mwezi yalipanda kwa mamia ya pauni, mshahara ni uleule. Mtaani kwetu hukumsikia mtu akilalamika hata siku moja. Uliona tu kibao cha kuuza nyumba hapa, gari la pili limetoweka pale. Nyumbani mtu akikwama mtaa mzima unajua na kuna wa kumkopesha. Huku mtu anakwama na pazia lake limefungwa.

Kinachonichekesha ni kwamba bei haina siri. Nyumba nyingi zilizouzwa tangu 1995, bei yake ipo kwenye rekodi za ardhi za serikali, yeyote anaingia mtandaoni anasoma. Kwa hiyo kuna majirani ambao jina langu hawalijui, ila niliinunua nyumba kwa shilingi ngapi wanaijua. Ukishalielewa hilo, huo ukimya unaouona kwenye picha unaanza kuuelewa pia. Kila mtu hapa ameweka maisha yake yote kwenye matofali, na anamchunga jirani asiyashushe bei. Majani marefu mbele ya nyumba, gari bovu lililosimama muda mrefu, muziki, vyote hivyo kwao ni hela inayovuja.

Chukua mapipa ya taka. Kuna wiki ya taka za kawaida na wiki ya zile za kurejelezwa, na hakuna anayekumbuka ni ipi. Jioni ya kuamkia siku ya gari la taka mtaa mzima unamsubiri mzee wa nyumba ya kona. Akishalitoa la kwake, unasikia magurudumu yanaburuzwa nyumba hadi nyumba, kila mtu na pipa la rangi ileile. Dakika kumi, kimya tena. Huo ndio mkutano wetu wa mtaa.

Tulipofanya kipaimara cha binti yangu, tulipiga muziki mpaka saa nne usiku, tena wa kistaarabu, hakikuwa kigodoro. Hakuja mtu kugonga. Asubuhi tukakuta kadi imesukumwa mlangoni, mwandiko mzuri, yenye picha ya ndege: wanatumaini tulifurahia sherehe yetu, na je, safari ijayo tungeweza kuwajulisha mapema? Mke wangu aliisoma akasema huyu ni mstaarabu. Mimi nilijua tumetukanwa. Lakini jirani huyohuyo ndiye anayetupokelea vifurushi tukiwa kazini, na alipozaliwa mtoto wetu mdogo alileta keki aliyooka mwenyewe, akaikabidhi mlangoni na kukataa kabisa kuingia. Kwa hiyo msinielewe vibaya, hawa watu si wabaya. Ni kwamba wema wao unaishia kizingitini.

Mahali palipouma ni msiba wa baba. Siku ile Watanzania walikuja kutoka Slough, kutoka London, wengine wametoka shifti na sare zao. Magari yakajaa mpaka kwenye kona, kina mama wakaingia jikoni, wanaume tukakaa bustanini kwenye baridi na blanketi. Jirani mmoja akanisimamisha nikitoa viti kwenye gari, akauliza kwa tabasamu kama tunasherehekea kitu. Sikumjibu vibaya. Angejuaje? Hapakuwa na turubai, hapakuwa na kilio cha kufika barabarani, maana tulikuwa tumeshazoea kulia kwa sauti ya chini.

Sasa ya kwenu. Shemeji akianza shifti za masaa 12, atakuwa anatoka kazini saa mbili usiku. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo atakwenda gizani na kurudi gizani. Hospitali ya Royal Berkshire ipo karibu na katikati ya mji. Akikaa mjini anatembea, akikaa kwetu anasubiri basi kwenye mvua. Wewe viza yako ya kumfuata mkeo inakuruhusu kufanya kazi, na tuseme ukweli, utaanza na kubeba boksi kama sote, mara nyingi usiku. Mtaa kama wetu bila gari ni kifungo.

Halafu fedha. Amana ya pango kisheria haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, hiyo nafuu ipo. Lakini kodi ya halmashauri, mbali na hiyo ya pango, kwa kawaida analipa mpangaji, hailipi mwenye nyumba, na inapangwa kwa madaraja ya thamani ya nyumba ya mwaka 1991, usiniulize kwa nini. Watu wengi hushtuka ile bili ikifika. Umeme na gesi juu yake. Na viza zenu hazina msaada wa serikali, mkikwama mmekwama.

Tafuteni chumba au nyumba ndogo mjini Reading, upande wa Oxford Road. Kuna kelele, kuna takataka kidogo, ngazi zitakuwa nyembamba. Lakini kuna maduka ya mihogo na ndizi za kupika, kuna wapangaji wenzenu wa kila taifa, na ukiugua kuna wa kukuletea uji. Huku kwetu dagaa tunakaanga madirisha yakiwa yamefungwa.

Utaniuliza kwa nini mimi sihami. Shule ni nzuri, wanangu wanaendesha baiskeli barabarani bila mtu kuwashika mkono, na nikitoka zamu ya usiku nalala mchana kutwa, hata jogoo hanisumbui. Kwa umri wangu na watoto watatu, panatosha. Kwa watu wawili wanaoanza, wasiojua hata basi linapandiwa wapi, upweke utawamaliza kabla ya baridi.

Shemeji anitumie barua ya kazi leo, nione mshahara na tarehe ya kuripoti, nianze kuuliza vyumba. Na wewe hakikisha leseni yako ya udereva haijaisha muda. Utaruhusiwa kuiendeshea miezi 12 tu tangu uanze kuishi huku, baada ya hapo ni mtihani wao kuanzia mwanzo, na foleni yake ni ndefu.