Maswali Yenu: Kuunganisha Pampu ya Jua na Gridi

Mvua ikishika, pampu yangu hukaa bure. Nikiuza umeme wa paneli, nitapata faida?

Anza kwa kuhesabu siku. Paneli za kilowati 5, penye jua zuri, hutoa takriban uniti 20 kwa siku. Siku za mawingu hupungua sana. Tuseme siku 150 za jua humwagilii: hizo ni uniti 3,000 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ambayo shirika la umeme litakulipa, si ile unayonunulia. Hapo wengi hukosea. Kisha toa gharama ya inveta ya gridi (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uendane na ule wa nyaya za shirika), mita inayosoma umeme unaoingia na unaotoka, na waya hadi kwenye nguzo. Nguzo ikiwa mbali, waya peke yake unaweza kumeza mapato ya miaka kadhaa, ndiyo maana nawasihi majirani mjiunge. Katika kijiji cha Dhundi, jimbo la Gujarat nchini India, wakulima sita waliunda ushirika, wakauza umeme wao kwa pamoja kwa rupia 4.63 kwa uniti, mkataba wa miaka 25. Kwangu mimi, urefu wa mkataba ule una thamani kuliko bei yenyewe.

Gridi ikikatika mchana, pampu itaendelea?

Inveta ya kawaida ya gridi hujizima hata jua likiwa la utosi, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe na umeme wako. Dai inveta inayoweza kurudi kuendesha pampu peke yake, bila gridi, na iandikwe kwenye ankara. Kumbuka pia: saa za katikati ya mchana gridi ikiwa imekatika, huuzi kitu.

Kisima hakitakauka?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi. Jua halina bili, kwa hiyo mtu huwasha pampu asubuhi akaenda zake. Ukirudi jioni unakuta maji yamefurika mtaroni na miche imesimama kwenye tope. Ukiwa unauza umeme, kila saa ya kuvuta maji ina bei yake, na mkono huenda wenyewe kwenye swichi. Lakini bei ya uniti ikiwa duni, au kumuuzia jirani maji kukilipa zaidi, pampu haitazimwa. Hapo kisima kinahitaji kanuni za kijiji na kipimo cha kina cha maji.

Nikope sasa?

Subiri barua ya shirika inayotaja bei, muda wa mkataba na siku ya malipo. Ahadi ya mdomo haitoshi kuwekea shamba rehani.