Ugali wa mchana unatapikwa jioni

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana hitilafu ya neva zinazoendesha mwili bila hiari. Hushiba kwa vijiko vitatu tu, na jioni hutapika ugali wa mchana ukiwa vilevile. Nifanyeje?
Mama, Kondele, Kisumu

JIBU: Pole sana, mama. Neva hizo ndizo huongoza msukumo wa tumbo. Zikilegea, chakula hukaa humo saa nyingi. Mgawie milo midogo 5 au 6 kwa siku. Mafuta na nyuzinyuzi huchelewesha tumbo zaidi, kwa hiyo weka kando nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), mabua ya sukuma wiki na samaki wa kukaanga. Mpe uji laini, viazi vilivyopondwa, samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba. Vya majimaji hupita kwa urahisi. Baada ya kula akae wima saa nzima. Choo kikifunga, tumbo nalo huzidi kugoma. Mwombe daktari atibu yote mawili.

Tafadhali, usimnunulie kiholela metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika: yaweza kumkakamaza shingo na kumpindua macho. Akitapika kijani au damu, tumbo likivimba na kuwa gumu, au asipokojoa kwa saa 8 mfululizo, mkimbize hospitalini hata kama ni usiku.