Miezi 42, siku 1,260, au miaka mitatu na nusu? Hesabu ya Ufunuo wa Yohana

SWALI: Mwalimu, salamu katika Bwana. Katika Ufunuo sura ya 11 nimesoma habari za miezi 42 na siku 1,260, na katika sura ya 12 nikakuta "wakati na nyakati na nusu ya wakati". Nimepiga hesabu kwa mwezi wa kuandama nikapata siku 1,240 hivi, na kwa kalenda ya ukutani nikapata 1,278, wala hakuna inayofika 1,260. Je, hivi ni vipindi vitatu au kimoja? Mhubiri aliyetutembelea alizigeuza siku hizo kuwa miaka, akatutajia mwaka wa mwisho, na tangu hapo kaka yangu amesita kuipanda miche ya mikarafuu tuliyoiatika, akisema hatutaishi hadi kuichuma. (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Ndugu yangu wa Wete, umepiga hesabu vizuri, na pale ulipokwama ndipo hasa pa kuanzia. Kipindi ni kimoja, kilichotajwa kwa vipimo vitatu. Miaka mitatu na nusu ina miezi 42, na ukiupa kila mwezi siku 30 kamili, unapata siku 1,260 bila kupungua wala kuzidi. Lakini mwezi wa angani hauendi hivyo: huandama baada ya siku 29 au 30, na mwaka wa jua hutimia kwa siku 365 na takriban robo. Kwa hiyo siku 30 ni kipimo cha kuandikia, kilichosawazishwa, na Biblia inakitumia mapema sana. Katika habari za gharika, Mwanzo 7 na 8, kuanzia siku ya 17 ya mwezi wa pili hadi siku ya 17 ya mwezi wa saba panahesabiwa siku 150, yaani miezi mitano ya siku 30.

Sisi wa visiwani tuna namna ya kulielewa jambo hili kwa urahisi. Wazee wetu wavuvi na wakulima waliohesabu mwaka wa Nairuzi, ule ambao watu wa Makunduchi huukoga kila Julai, waliugawa katika miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36 hufanya siku 360, kisha hubaki siku tano za kuufikisha mwaka kwenye 365. Wamisri wa kale nao walikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku tano za nyongeza. Yohana hakuziingiza siku za nyongeza katika hesabu yake, na kwa hilo peke yake tunafahamu kwamba hakukusudia kutupa kipimo cha mnajimu.

Sasa tazama namba hiyo imetoka wapi. Maneno ya Ufunuo 12:14 yamechukuliwa kutoka Danieli 7:25 na 12:7. Sura ya 7 ya Danieli iliandikwa kwa Kiaramu, na humo neno la "nyakati" liko katika wingi tu, ila kwa desturi limesomwa kuwa mbili; na kila wakati ukihesabiwa mwaka mmoja, moja na mbili na nusu, ndipo ikapatikana miaka mitatu na nusu. Wasomi wengi, nami ni mmoja wao, huona kwamba mateso yanayotajwa pale yanamhusu kwanza Antioko Epifane, mfalme wa Shamu, aliyelitia unajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Hekalu likatakaswa mwaka 164 KK. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanacho ndani ya Biblia yao, kinataja tarehe za matukio yote mawili, na baina yake ni miaka mitatu na siku kumi, si mitatu na nusu. Tena Danieli 12:11-12 inaongeza siku 1,290, kisha 1,335, bila kueleza kwa nini zimezidi. Wako walimu waaminifu wanaoiweka miaka hii yote mbele yetu, kama dhiki itakayotangulia kurudi kwa Kristo. Sibishani nao hapa, maana hata wao hawapati katika aya hizi mwaka wa kuanzia kuhesabu.

Ikiwa namba haipimi tarehe, inasema nini? Naomba utulie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri wa jambo hili. Mitatu na nusu ni nusu ya saba, na saba katika Maandiko ni hesabu ya utimilifu. Danieli 9:27 inasema kafara itakomeshwa kwa nusu ya juma. Uovu unapewa muda, lakini muda wake unakatwa katikati, haufikii utimilifu. Kisha yuko nabii Eliya. Luka 4:25 na Yakobo 5:17 zinasema mvua ilizuiwa miaka mitatu na miezi sita, ilhali 1 Wafalme 18:1 inataja mwaka wa tatu tu. Yaelekea kufikia wakati wa Mitume kipindi hicho kilikuwa kimekwisha kuwa jina la msimu wa taabu ambao Mungu huwalisha watu wake ndani yake. Ndiyo maana mashahidi wawili wa Ufunuo 11:6 wana amri ya kuifunga mbingu mvua isinyeshe, na mwanamke wa sura ya 12 analishwa jangwani kama Eliya alivyolishwa penye kijito cha Kerithi.

Angalia pia nani anahesabiwa kwa kipimo gani. Mataifa wanaoukanyaga mji mtakatifu wamepewa miezi 42, na mnyama wa Ufunuo 13:5 vilevile amepewa miezi 42. Mashahidi wanatoa unabii siku 1,260, na mwanamke analishwa siku 1,260. Muda ni ule ule, ila dhalimu anahesabiwa kwa miezi, na mwaminifu anahesabiwa siku baada ya siku, kama mgonjwa anayeuguzwa na mtu ampendaye. Sidhani kwamba hilo limetokea kwa bahati.

Kuhusu kuzigeuza siku kuwa miaka, wanaofanya hivyo hutegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Zisome zote mbili: katika kila moja Mungu mwenyewe anatamka kwamba kwa jambo lile siku ni mwaka, na hakuna agizo la kuipeleka kanuni hiyo kwenye kila unabii. Historia nayo imeonyesha matokeo yake. Wafuasi wa Joachim wa Fiore, mtawa wa Italia wa karne ya 12, waliutazamia mwaka 1260 wenyewe. Wengine walianzia mwaka 538 wakafika 1798, mwaka ambao majeshi ya Ufaransa yalimkamata Papa Pius wa Sita. William Miller wa Marekani alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akaanzia mwaka 457 KK, na wafuasi wake wakangoja kurudi kwa Kristo hadi tarehe 22 Oktoba 1844, baadhi yao wakiwa wameyaacha mashamba yao bila kuvuna. Kujumlisha hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mwaka wa kuanzia, ambao kila mmoja aliuchagua mwenyewe. Hata Mitume walipouliza habari za nyakati na majira, Bwana aliwajibu katika Matendo 1:7 kwamba kuyajua si kazi yao.

Namfikiria zaidi kaka yako. Mwambie afungue Yeremia 29, barua ambayo nabii aliwapelekea mateka wa Babeli. Ndiyo yenye namba mashuhuri ya miaka 70, namba ile ile ambayo Danieli anasema katika 9:2 kwamba aliisoma vitabuni. Katika barua hiyo hiyo, kabla ya kuitaja namba, Yeremia anawaagiza wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na wazae, ingawa wengi wa waliosomewa hawangeishi hadi miaka hiyo itimie. Mkarafuu nao hukaa miaka kadhaa kabla haujatoa karafuu za kuchuma. Miche yenu ikikomaa, itoeni kitaluni mvua za masika zikishika, muipande.